Wimbo Usio na Do

Kasha, Bukavu, tarehe 21 Januari 2024

Kwa mwanangu mpendwa Delphin,

Nakusalimu kwa amani ya Kristo. Barua hii ikikukuta mzima nitamshukuru Mungu. Ikikukuta na mafua ya huko Liège, nakuomba uvae soksi mbili, kama marehemu mama yako alivyokuwa akikuagiza. Mimi sijambo. Magoti yananisumbua kwenye mteremko wa kwenda kanisani, lakini nikishasimama mbele ya kwaya huwa siyakumbuki tena. Majirani wote wanakusalimu. Maman Colombe, kiongozi wa sauti ya kwanza, ndiye anayepiga picha kurasa hizi kwa simu yake na kukutumia. Anasema hazisomi. Namshukuru kwa kusema hivyo.

Barua yako ya Noeli niliisoma kwa uangalifu. Uniwie radhi nikikuambia kwamba niliirudia, kwa sababu nilidhani ukurasa mmoja umepotea. Unasema unachunguza nyimbo za watunzi wa Ulaya wa karne iliyopita, watu waliochoshwa na do, noti ya nyumbani ambako kila wimbo wetu hurudi. Unasema katika nyimbo hizo noti zote kumi na mbili za kinanda, nyeupe na nyeusi, zina cheo kimoja, na hakuna inayoruhusiwa kurudi kabla wenzake wote hawajapita. Kazi yako ni kuzipa namba, kuanzia sifuri hadi kumi na moja, kisha kuonyesha jinsi mtunzi alivyozipindua kichwa chini na kuzirudisha kinyumenyume. Nadhani nimeelewa. Naomba unisamehe: nimekwisha kumwona karani wa mizani sokoni akifanya kazi hiyohiyo kwa magunia ya mihogo, naye hakuhitaji viza.

Sauti ya wimbo ule uliyoituma tuliisikiliza pamoja na Papa Benoît, yule mwenye sauti nzito ya bass. Alisikiliza hadi mwisho, kofia mkononi, kwa heshima zote. Kisha akaniuliza, "Mwalimu, hawa bado wanapatanisha vyombo, sivyo? Wataanza saa ngapi?" Nikamwambia kwamba wamekwisha kumaliza. Akasema, "Poleni sana."

Sasa neno kuu. Familia imekubaliana kwamba kilio cha mama yako kitaondolewa, matanga yaishe, Jumamosi tarehe 17 Agosti. Unaijua desturi ya ukoo wetu: mgane huvaa kitambaa cheusi kwenye mkono wa koti hadi siku hiyo, na anayekivua ni mtoto wake wa kwanza, si mwingine. Mtoto wa kwanza akikosekana, mzee hubaki nacho. Kaka yangu alizikwa na chake, kwa kuwa mwanawe alikuwa Angola na hakurudi. Mimi sipendi kuzikwa hivyo. Nakuomba uje.

Nakuomba pia, kwa kuwa umeuchagua muziki, umtungie mama yako wimbo wa sauti nne, kwaya yangu iuimbe katika misa ya siku hiyo. Wimbo wenye do, tafadhali.

Unisamehe kwa maneno mengi.

Baba yako,
Cyprien


Liège, 11 Februari 2024

Papa mupendwa,

Jambo sana. Miye niko muzima, baridi tu ndiyo inatuchapa. Magoti yenu inaendelea namna gani? Mupake ile mafuta nilituma, musiiweke mu kabati kwa kungojea wageni.

Nilicheka sana juu ya Papa Benoît. Lakini mumwambie hivi. Wakati wote nilikuwa mu tenor yenu, tulikuwa tunaimba wimbo moja tu. Maneno inabadilika, Noeli, Pasaka, ndoa, kilio, lakini muziki iko ileile: do, mi, sol, tunapanda kidogo, tunaogopa, tunarudia mbio ku do, na batu banapiga makofi sababu tumefika. Kufika wapi? Kule tulitoka. Papa, mutanisamehe, ile haiko muziki, ile ni kuzoea. Kwaya inaimba na uoga ya mutoto mwenye haendi mbali na mulango ya mama yake. Huku nimekuta batu benye baliuliza: na kama haturudie? Hapo ndiyo mutu anaanza kusikia noti yenyewe, sio cheo yake. Kwenu kila noti iko mutumishi ya do, kama vile mu Kasha kila mutu iko kwanza mutoto ya fulani.

Minakuja tarehe ile. Kitambaa nitaitoa mwenyewe, musiwe na wasiwasi.

Na wimbo nimekwisha kuandika, muko nayo pamoja na hii barua. Sauti ine, bila kinanda. Mustari ya noti kumi na mbili iko mu sauti ya kwanza, na sauti zingine zinatoka ndani yake. Ile mustari sikuiokota mu hewa. Nitawaeleza siku moja. Iko nguvu kwa kuimba, minajua, na kwaya yenu itasema iko kelele. Bajifunze polepole. Musibadilishe kitu.

Mutoto yenu,
Delphin


Kasha, Bukavu, tarehe 24 Machi 2024

Mwanangu mpendwa Delphin,

Salamu nyingi za Kwaresima. Natumaini huko mnafunga pia, ingawa nikitazama wimbo wako naona katika noti hukujinyima chochote.

Nilikwenda Ibanda kuuchapisha. Kijana wa duka alipouona ukitoka, aliisimamisha mashine akaanza kuikagua, akidhani inamwaga wino. Nilimtuliza. Nilimwambia kwamba alama zile zote za kupandisha na kushusha ziliwekwa kwa makusudi. Akaniuliza mwandishi ana umri gani.

Kama unavyokumbuka, kwaya yetu haisomi mistari mitano. Tangu wakati wa mapadre waliotufundisha, tunaandika herufi za solfa ubaoni, d, r, m, na herufi hizo hazina maana yoyote mpaka mwalimu atangulize kusema do iko wapi. Noti nyingine zote hupimwa kutoka hapo. Basi niliketi nikaitafuta do yako. Nilijaribu fa, noti ya pili ikaikataa. Nilijaribu re, ikadumu kidogo, ikafukuzwa na bass. Baada ya hapo nilijikuta nikiweka do mahali popote, kama mtu anayebisha hodi kwenye ukuta usio na mlango. Nikaona niwafundishe kwa sikio, nikiwapigia kila sauti kwenye harmonium, kile kinanda cha kanisani.

"Do iko wapi, Mwalimu?" aliuliza Maman Colombe.

"Haimo."

"Wameiiba?"

"Mtunzi hakuiweka."

"Mtunzi nani huyu?"

Nikawaambia. Maman Colombe akafanya ishara ya msalaba. "Delphin yetu? Wa Maman Apolline? Yesu! Basi ile shule iko na nguvu."

Tukajaribu kurasa mbili za kwanza. Patrice, yule tenor anayefundisha hesabu, akainua mkono kwa adabu. "Mwalimu, naomba kuuliza. Hii ni ya kuondoa kilio ama ni ya kugawana shamba?" Kwaya nzima ililala kwenye mabenchi kwa kicheko. Nami nilicheka. Uniwie radhi. Nilijitahidi nisicheke.

Sisemi haya kwa kukuvunja moyo. Lakini umepewa masomo, umepewa maktaba, umepewa kinanda cha kujifungia nacho chumbani, na matunda yake ni kitu ambacho hata mama yako angekishtukia, yeye ambaye, Mungu amrehemu, hakujaliwa sikio, na ambaye kwa sababu hiyo sikumwingiza katika kwaya hata Jumapili moja. Nakuomba kwa unyenyekevu unijibu swali hili tu: do ni ipi? Kama huko mmeificha kwa sababu za kielimu, mimi ni baba yako, unaweza kuniambia.

Nisamehe kwa kukusumbua katikati ya mitihani.

Baba yako,
Cyprien


Liège, 2 Aprili 2024

Papa,

Pasaka njema. Niko muzima, na ninyi natumaini muko bazima.

Hakuna do. Haifichwe. Kuuliza do iko wapi ni kama kuuliza ziwa iko na kona ngapi. Professeur wangu aliona ile partition, karatasi ya noti, aliisoma na kalamu mu mukono, na alisema: hapa kuna kitu ya kweli. Yeye hakuuliza do. Hakuuliza hata mara moja.

Kama kwaya inaona iko ya kuchekesha, baache. Hakuna mwenye anabalazimisha. Baimbe ile yao ya kila siku, na miye nitakuja kutoa kitambaa na kunyamaza. Lakini kama banaimba yangu, baimbe vile iko. Papa, minawaomba sana: musiiguse.

Delphin


Kasha, Bukavu, tarehe 30 Juni 2024

Mwanangu mpendwa Delphin,

Salamu nyingi. Unisamehe kwa kukaa kimya muda wote huu. Sikuwa mgonjwa, nilikuwa kazini. Magoti yamepata nafuu kwa mafuta yako. Migomba uliyoipanda na mama yako imezaa, na Papa Benoît amekwisha kutuomba mkungu mmoja bila kutaja ni wa nani.

Nina furaha kukujulisha kwamba wimbo wako umeokolewa.

Nilitafakari kwa muda mrefu maneno yako ya kwamba nisiuguse. Nikaona ni maneno ya kijana aliye mbali na nyumbani, anayeogopa kwamba kazi yake itaharibiwa na wajinga. Mimi si mjinga, wala sikuwa na nia ya kuharibu. Basi niliweka do kwenye fa, palipokuwa na afadhali, kisha nikapitia sauti zote nne. Kila noti isiyokuwa ya nyumba hiyo niliisogeza nusu hatua, juu au chini, hadi kwa jirani yake wa karibu, kama unavyomsogeza mtoto mezani ili asikae kwenye kona. Sikuongeza kitu, ila Amina ya mwisho, kwa kuwa wimbo wako ulikoma tu, kama mtu aliyeitwa nje.

Usingeamini. Chini ya vurugu ile palikuwa na wimbo! Mzuri kabisa, mtulivu, unaopanda mahali panapotakiwa. Wanawake wa sauti ya pili walilia. Patrice aliomba radhi mbele ya wote kwa yale ya shamba. Padre Paroko alipita mlangoni, akasimama, akauliza ni wa nani. Nikasema ni wa mwanangu. Nimeliacha jina lako juu ya karatasi. La kwangu sikuliweka, ingawa, uniwie radhi, kazi kubwa ilikuwa kwangu.

Maman Colombe anakutumia sauti ya wimbo huo pamoja na barua hii. Usikilize kwa utulivu, utaona kwamba kila ulichotaka kusema bado kimo, isipokuwa makosa.

Tunakungoja.

Baba yako,
Cyprien


Liège, 19 Julai 2024

Papa,

Leo sisalimie. Mutanisamehe kama mutaweza.

Minawatumia audio. Musikilize mbele ya kusoma huku chini.

Mumesikia? Ni Mama. Ni ile aliituma siku ya anniversaire yangu, siku nilizaliwa, mbele ya kugonjwa. Iko anachagua maharage, munasikia ile inaanguka mu sahani, na iko ananiimbia. Ni wimbo ya kanisa, mwenyewe alisema ni wimbo ya kanisa, mimi sikuwahi kuitambua. Anapanda mahali haipandi. Anapotea, anacheka, anaendelea. Miye nilikaa hapa, nikasikiliza, nikaandika noti moja moja. Na mu ile kupotea yake, Papa, alipita ku noti zote kumi na mbili. Yote. Batu ba huku banakaa mu meza siku mingi kwa kutafuta mustari kama ile, na yeye aliipata na maharage.

Ndiyo mustari ya sauti ya kwanza. Ndiyo wimbo mzima. Nilitaka kwaya yenu, ile kwaya hakuingia hata Jumapili moja, muliandika vile mwenyewe, nilitaka iimbe kama yeye. Ijifunze yeye. Isumbuke.

Na ninyi mukachukua kila noti alikosea, mukaitengeneza. Muliita ile makosa. Mulimutengeneza miaka yote alikuwa muzima, mu jikoni, mu njia, mu misa, mulikuwa munamugusa mukono ili anyamaze. Sasa alikufa, na mukono yenu bado iko inamugusa.

Tarehe 17 sitakuja. Mutafute mwingine wa kutoa kitambaa.

Delphin


Kasha, Bukavu, tarehe 28 Julai 2024

Mwanangu Delphin,

Nakusalimu, hata kama wewe hukunisalimu.

Nilimwomba Maman Colombe simu yake, nikakaa katika kibanda anamochajia watu simu, nikamsikiliza mama yako. Magotini niliiweka karatasi yako ya kwanza, ile yenye wino mwingi. Nikawafuatisha wote wawili, yeye na wewe, mpaka Maman Colombe akafunga mlango, wateja wakaondoka.

Ni kweli: noti nilizozisogeza zilikuwa zake. Kwamba hukuniambia ni zake, hilo ni lako. Na kwamba sikumwingiza katika kwaya, kwa hilo sitakuomba radhi, mimi ambaye huomba radhi kwa kila kitu. Mwenye sauti ile simwingizi leo wala kesho. Mama yako alilijua hilo, naye alikuwa na jibu lake: alisema kwaya yangu inaimba kama watu waliomeza rula. Aliniambia hivyo kila Jumapili wakati wa kula, na nilikuwa nikilingojea.

Lakini wewe, msomi, umeandika nini?

Mwanzoni, pale anapopanda, umeandika mi bemol. Hakuimba mi bemol. Aliimba juu yake kidogo, na bado chini ya mi, mahali ambapo kinanda hakina kitufe. Alikuwa akienda papo hapo siku zote; ningeamshwa usingizini ningekuonyesha. Mbele kidogo umeandika sol, sol kavu, noti nyeupe. Mama yako pale alianza chini akapanda huku akicheka, kwa sababu maharage yalimwagika. Sol ile ina mlima ndani yake na kicheko juu ya mlima. Wewe umeisawazisha kama barabara. Mwishoni umeandika noti mbili tofauti. Yeye aliimba moja, ila alichoka njiani.

Ukurasa mzima, Delphin, sikukuta noti hata moja aliyoiimba yeye. Mimi nilimvuta kwenye noti zangu saba. Wewe ulimvuta kwenye zako kumi na mbili, ukampa namba, ukamgeuza kichwa chini kwa ajili ya sauti ya bass, ukampelekea professeur, naye akasema hapa kuna kitu cha kweli. Professeur huyo hakuwahi kula kwa mama yako. Uniwie radhi, mwanangu, lakini tofauti kati yangu na wewe ni noti tano. Kwa ajili ya noti tano unanidharau?

Wimbo wako hautaimbwa. Wangu pia hautaimbwa. Nimekwisha kuufuta ubaoni, na Patrice amenuna. Siku ile nitaimba mimi, peke yangu, bila harmonium, jinsi alivyoimba yeye na si vinginevyo. Siwezi kukuandikia jinsi ilivyo. Solfa haina herufi yake, nawe huna namba yake. Anayetaka kuusikia itambidi awepo.

Nisamehe kwa ukali. Kitambaa ninacho.

Baba yako,
Cyprien


Liège, 4 Agosti 2024

Papa mupendwa,

Jambo. Natumaini magoti iko muzuri.

Nilisikiliza audio tena. Nilikuwa nimejua, Papa. Siku ya kwanza nilijua ile noti iko katikati, na nikasema, tuchukue ya karibu, haina shida, hakuna mwenye atajua. Inaniuma kuandika ile, lakini nimeiandika.

Sasa miye niwaambie kitu. Hamutaweza. Minawajua. Mutu akiwa chini ya noti, hata mu kaburi, uso yenu inakunjika. Mutasimama mbele ya batu bote ba parokia, mbele ya kwaya yenu, na sikio itawavuta. Mutamutengeneza bila kujua, kidogo kidogo, mpaka itakuwa muzuri, na bo batasema "aa, Mwalimu." Na mutafurahi.

Minakuja. Ndege mpaka Kigali, halafu barabara mpaka mupaka ya Ruzizi. Nitasimama mbele yenu. Lakini minasema leo, ili tusipate haya mbele ya familia: mukimusahihisha, hata mahali kamoja, sitatoa kitambaa. Nitasalimia batu, nitakula, nitarudia Liège. Mutabaki nayo.

Nitawasikiliza vizuri.

Mutoto yenu,
Delphin


Kasha, Bukavu, tarehe 6 Oktoba 2024

Mwanangu mpendwa Delphin,

Salamu nyingi. Nimefurahi kujua kwamba ulifika salama na kwamba masomo yameanza. Mimi sijambo. Koti langu limebaki na alama mkononi, pale kitambaa kilipokuwa, kwa maana nguo pande zote imepauka na pale haikupauka. Maman Colombe anataka kulipiga rangi. Nimemkatalia kwa upole.

Sina haja ya kukusimulia ya siku ile. Ulisimama mbele yangu. Lakini hukuona yaliyokuwa nyuma yako, na yana uhusiano na habari ninayotaka kukupa.

Nilipofika kwenye noti ile isiyo na kitufe, Papa Benoît aliinua kichwa ghafla, kama mtu aliyesikia chombo kikivunjika jikoni. Kwenye mlima wa maharage kuna mwanamke wa sauti ya pili aliyecheka, akajiziba mdomo. Patrice alitazama viatu vyake. Maman Colombe alianza kuninong'onezea noti sahihi, msaada, jinsi tunavyowasaidia wanafunzi wanapopotea. Mabenchi yote yaliinamisha macho, moja baada ya jingine, kwa huruma. Wewe tu hukuinamisha. Ulikuwa umekunja uso kama mkaguzi wa shule, ukingoja nianguke kwenye usahihi. Mara mbili nilikaribia. Kisha ukasogea, ukaifungua pini, ukakitoa kitambaa, na wao wakapiga makofi ili tu yale yaishe.

Wiki iliyofuata ujumbe wa kwaya ulinijia nyumbani. Walivaa vizuri. Walileta sukari.

"Mwalimu, tumekuja kuwapa pole," alisema Papa Benoît.

"Pole ya nini? Kilio kimeondolewa."

Wakatazamana. Maman Colombe akasema kwa sauti kubwa mno, "Pole ya sikio, Papa!"

"Sikio lina nini?"

"Mulipotea njia nzima," alisema Patrice taratibu, akifungua mdomo sana kwa kila neno. "Haiko kosa lenu. Ni umri. Sisi wote tulihuzunika."

Papa Benoît alikuwa na taarifa za daktari mmoja wa Ibanda anayeingiza taa masikioni. Maman Colombe alisema kwamba Mungu humtwaa mtu kidogo kidogo. Kisha wakanieleza, kwa adabu ambayo niliwafundisha mimi mwenyewe, kwamba kwaya sasa itaongozwa na Patrice, nami nitakuwa mlezi, cheo ambacho hakina saa ya mazoezi.

Ningeweza kuwaeleza. Ningeweza kumwambia Patrice aimbe do, halafu re, kisha nimwonyeshe watu wangapi wanaishi katikati ya noti hizo. Nikamtazama usoni. Ni mtu mwema, mwenye hesabu nzuri, na hajawahi kusikia kitu chochote ambacho hakikuandikwa ubaoni. Nikawatazama wengine. Hawa ndio niliowatengeneza, Delphin, kwa mikono yangu, na kazi yangu ni safi kabisa. Kati yao wote hakuna hata mmoja aliyemtambua mama yako, waliyekaa naye jirani miaka yote. Nikasema, "Asanteni kwa sukari."

Wewe usiwaandikie kitu. Usijaribu kunitetea. Wakijua kwamba niliimba vile kwa makusudi watanihurumia zaidi.

Leo nilikaa kwenye benchi la nyuma. Kwaya iliimba vizuri, kama rula. Karibu nami alikuwa Maman Virginie, yule mama mzee wa ng'ambo ya mtaro, ambaye amekwisha kusikia habari za ugonjwa wangu. Wakati wa wimbo wa matoleo alinisogelea, akanishika bega, akaniimbia ndani ya sikio kwa nguvu zake zote, ili nisipotee. Aliimba hivyo hadi ubeti wa mwisho.

Nilimshukuru. Alikuwa chini ya noti, tangu mwanzo hadi mwisho, sikumgusa mkono.

Baba yako,
Cyprien